Nimelipa kodi ya IRS kwa kadi: ile ada naikata kama gharama ya biashara?

Shikamoo dada,

Mimi ni dereva wa lori hapa Texas, nyumbani ni Korogwe. Mpaka mwisho wa 2024 nilikuwa mwajiriwa. Januari 2025 nikachukua lori langu mwenyewe kwa mkopo, sasa nabeba mizigo chini ya kampuni moja lakini silipwi mshahara, napewa 1099, ile fomu ya malipo ya asiye mwajiriwa. Sijafungua kampuni yoyote, ni mimi na lori langu tu.

Niliambiwa mtu aliyejiajiri anapaswa kujipelekea kodi mwenyewe IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kila robo mwaka, nikafanya hivyo. Aprili, Juni, Septemba na Januari hii iliyopita, kila mara dola 3,000. Zote nimelipa kwa kadi ya mkopo kwa sababu inanipa pointi. Kila nilipolipa, kampuni inayopokea malipo ilikula asilimia 1.75, yaani dola 52.50. Kwa mara nne ni dola 210. Agosti nikalipia pia kodi ya barabara ya lori, ile ya Fomu 2290, dola 550, na ada yake ikawa dola 10 kasoro.

Sasa kwenye grupu letu la madereva kuna ubishi haujaisha. Wengi wanasema ada ya kadi ni gharama ya biashara, ikate yote, serikali inakurudishia. Shemeji yangu yupo benki, yeye anasema haikatiki hata senti moja kwa sababu kodi ni mambo yako binafsi.

Anayenifailia kodi amenitumia rasimu ya ritani ya 2025, yaani fomu za kodi za kupeleka IRS, nisaini. Faida yangu baada ya dizeli, bima, matairi, kodi ya lori na kila kitu ilikuwa dola 68,000. Lakini kwenye Schedule C, fomu ya mapato na gharama za biashara, mstari wa 31 wa faida naona ameandika 55,790. Nilipomuuliza akaniambia amekata ile ada ya 210, na kodi niliyolipa, ameziweka mstari wa 23. Anasema nitarudishiwa dola 2,489, naye malipo yake ni asilimia 10 ya marejesho. Mke wangu anasoma, hana kipato, tunafaili pamoja, watoto bado.

Je, nani yuko sahihi kuhusu ada? Na riba ya kadi nayo inakatika? Yale malipo ya Septemba sijayamaliza mpaka leo, wananichaji asilimia 24 kwa mwaka.

Mdogo wako, Texas.

*

Marahaba mdogo wangu,

Usisaini. Nitakujibu la ada, lakini kwanza turudi kwenye sentensi uliyoipitisha haraka kana kwamba haina uzito: “na kodi niliyolipa, ameziweka mstari wa 23”. Umeniuliza habari ya dola 210, kumbe ndani ya rasimu hiyo kuna dola 12,000 zilizokaa mahali pasipo pake.

Mstari wa 23 wa Schedule C ni wa kodi na leseni za biashara. Kodi ya barabara ya lori inakaa pale. Leseni na usajili wa lori vinakaa pale. Kodi ya mapato ya serikali kuu haikai pale kabisa, kwa sababu haiwezi kuwa gharama ya kupunguza mapato yanayotozwa kodi hiyohiyo. Zile 3,000 mara nne ni malipo ya awali ya kodi yako wewe na mkeo. Mahali pake ni kwenye Fomu 1040, ritani ya mtu binafsi, sehemu ya malipo, ambako zinapunguza deni lako dola kwa dola. Huyu bwana, kama nimeelewa hesabu yake, amezitumia mara mbili: kwanza kama gharama kwenye Schedule C, halafu kama malipo kwenye 1040. Ndiyo maana marejesho yamenona.

Nimekaa na kalamu nikapiga hesabu kwa namba ulizonipa, tukichukua nafuu ya kawaida ya 2025, kiasi kisichotozwa kodi ya mapato, ya dola 31,500 kwa wanandoa wanaofaili pamoja. Kwa faida ya 68,000, kodi ya kujiajiri, ile ya hifadhi ya jamii na Medicare, ni dola 9,608. Inatozwa hivi: unachukua asilimia 92.35 ya faida, unaizidisha kwa asilimia 15.3. Nusu yake, dola 4,804, unaruhusiwa kuiondoa kwenye mapato kabla ya kodi ya mapato, ila inaondolewa kwenye Schedule 1, kiambatisho cha Fomu 1040, haigusi Schedule C. Ukitoa na ile nafuu ya asilimia 20 ya mapato ya biashara, kodi ya mapato inabaki dola 2,566. Jumla dola 12,174. Umeshalipa 12,000. Kwa hiyo hudai chochote. Wewe ndiye unayedaiwa dola 174.

Kwa hesabu ya rasimu, kodi yote inashuka hadi dola 9,511, na hapo ndipo zinapotoka zile 2,489 za marejesho. Tofauti ya hesabu mbili hizi ni dola 2,663. Hizo si zako. Zikifika kwenye akaunti yako leo, kuna siku barua itakuja kuzidai pamoja na riba iliyohesabiwa tangu siku ya mwisho ya kulipa, na wakiona ni uzembe wanaweza kuongeza adhabu ya asilimia 20 juu ya kiasi kilichopungua. Barua itakuja kwa jina lako na la mkeo. Huyo bwana atakuwa ameshachukua asilimia 10 yake.

Na hiyo asilimia 10 nayo ni habari. IRS yenyewe kila msimu inawaonya watu wajihadhari na mtayarishaji anayelipwa kwa kipande cha marejesho, kwa sababu kadiri yanavyokua ndivyo mfuko wake unavyojaa. Mwulize swali moja tu: ritani hii utaisaini na kuweka PTIN, namba yako ya utayarishaji kutoka IRS? Kila anayelipwa kutayarisha ritani lazima aisaini na aweke namba hiyo. Akianza kusema “wewe saini tu kama umejifanyia mwenyewe”, chukua karatasi zako uondoke, na usiage kwa maneno mengi.

Haya, sasa ada.

Ubishi wa grupu lenu haushangazi, maana watu wanasema “ada ya kadi” wakiwa na vitu viwili tofauti kichwani. Dada anayesuka nywele, mteja akimlipa kwa kadi, mashine inakata chake kabla pesa haijafika kwake. Hiyo ni gharama ya biashara, yote, bila mjadala. Kwenu madereva inayofanana nayo ni ada ya kulipwa mapema, au ile anayokata mtu wa faktoringi anaponunua ankara zako. Hizo kata zote. Wanaosema “ada ya kadi inakatika” mara nyingi wameisikia huko, wakaihamishia kwenye ada ya kulipia kodi.

Ada ya kulipia kodi inafuata kodi inayolipiwa. Kodi ikiwa ya biashara, ada nayo ni ya biashara, na IRS wanasema waziwazi kwamba ada ya kadi kwa kodi za biashara inakatika. Kwa hiyo ile dola 10 kasoro ya Fomu 2290 ni halali kabisa. Kodi ile ni ya lori, dola 550 kwa gari la uzito unaozidi pauni 75,000, na bila kuilipa hupati ile Schedule 1 ya Fomu 2290 yenye muhuri unayodaiwa unapokwenda kusajili lori. Hakuna mtu atakayesema ni mambo yako binafsi. Vivyo hivyo ungekuwa na dereva wa kuajiri ukalipia kodi za mishahara ya Fomu 941 kwa kadi, ada ile ingekatika.

Zile 52.50 nne ni kesi nyingine. Ulikuwa unalipa makadirio ya 1040, yaani yale malipo ya awali ya kila robo, na 1040 ni ritani ya mtu, hata kama kila senti ya mtu huyo imetoka kwenye usukani. Kwa walioajiriwa suala limefungwa: zamani ada hii iliingia kwenye yale makato madogomadogo ya Schedule A, fomu ya makato binafsi, yakasimamishwa kuanzia 2018, na sheria ya Julai 2025 ikayaondoa moja kwa moja. Shemeji yako nadhani anasimama hapo, na kwa mwajiriwa yuko sahihi.

Kwa aliyejiajiri kuna mwanya, na wanaoutetea wana hoja. Mwaka 1992 IRS walitoa uamuzi kwamba pesa unayomlipa mtu akutayarishie ritani, sehemu inayohusu biashara unaikata kwenye biashara, ingawa ritani yenyewe ni ya 1040. Wanasema ada ya kadi ni ndugu wa gharama hiyo, na kodi ya kujiajiri isingekuwepo bila biashara. Upande wa pili nao wana silaha nzito: kanuni za Hazina zinasema riba ya deni la kodi ya mapato ya mtu ni riba binafsi, hata kama mapato yalitoka kwenye biashara. Mwaka 1996 Mahakama ya Kodi iliikataa kanuni hiyo, mwaka 1998 mahakama ya rufaa ikaupindua uamuzi, na kanuni imebaki. Kama riba ya kodi ile ni ya binafsi, ada ya kuilipia itaponaje?

Msimamo wangu ni huu. Sehemu ya ada inayolingana na kodi ya mapato, usiiguse. Sehemu inayolingana na kodi ya kujiajiri inaweza kutetewa, na mhasibu akiikata sitamwita mwizi. Lakini akate kwa uwiano, aiweke kwenye gharama nyingine, Sehemu ya V ya Schedule C, isichanganywe na kodi mstari wa 23, na abaki na karatasi inayoonyesha amefikaje kwenye namba hiyo. Na asikate dola 210. Wewe unahesabu gharama kwenye mwaka ambao pesa ilitoka mfukoni, na yale malipo ya nne yalitoka Januari 2026. Ada yake ni ya 2026. Kwa 2025 zimebaki ada tatu, dola 157.50. Kodi ya kujiajiri ni kama asilimia 79 ya kodi yako yote, kwa hiyo kinachoweza kutetewa ni dola 124.

Unajua dola 124 hizo zitakuokolea kiasi gani? Hazifiki dola 30.

Hapa ndipo ninapogombana na ile kauli ya “ikate, serikali inakurudishia”. Haikurudishii. Kukata gharama ni kupunguza kiasi kinachotozwa kodi, basi. Kwa kipato chako, kila dola unayoikata kwenye Schedule C inakupunguzia kodi kama senti 23. Senti 77 nyingine zimekwenda. Nimeona watu wazima wananunua vitu Desemba wasivyovihitaji kwa sababu “ni gharama, nitakata”, na ugonjwa ni huohuo. Mnabishana wiki nzima mnaikataje ada ambayo hukuwa na sababu ya kuilipa.

Maana njia ya bure ipo. Direct Pay ya IRS inatoa pesa kwenye akaunti yako ya benki bila ada yoyote, au unaingia kwenye akaunti yako ya mtandaoni ya IRS ukalipa hapo. Fomu 2290 nayo, unapoifaili kwa mtandao unaweza kuruhusu pesa itolewe benki moja kwa moja. Ukiwa lazima utumie kadi, ya benki, ile inayotoa pesa yako mwenyewe, inachajiwa dola 2 na senti kadhaa tu kwa malipo ya mtu binafsi, hata ukilipa 3,000. Asilimia 1.75 ni ya kadi ya mkopo, na kadi iliyotolewa kwa jina la biashara inaweza kutozwa karibu asilimia 3, kwa hiyo usije ukadanganyika kwamba kubadili kadi kuwa ya biashara kutaifanya ada ikatike vizuri zaidi. Rangi ya kadi haibadilishi kodi inayolipiwa.

Pointi? Kama kadi yako inatoa pointi moja kwa dola, na pointi ina thamani ya senti moja, umepata dola 120 kwa kulipa 210. Kadi inayorudisha asilimia 2 ingekupa 240, umebaki na faida ya dola 30, kwa sharti kwamba unamaliza deni lote kila mwezi. Wapo wanaofungua kadi mpya yenye zawadi kubwa ya kuanzia wakalipia kodi ili wafikishe kiwango cha matumizi, na kwao hesabu inakubali. Lakini hao hawana deni la Septemba.

Wewe unalo, na riba yake haikatiki. Ulikopa kulipa kodi yako binafsi, riba inafuata kilichonunuliwa. Dola 3,000 kwa asilimia 24 ni kama dola 60 kila mwezi, na zimetangulia 52.50 za ada. Sasa linganisha: kama Septemba hukuwa na pesa, ukasubiri hadi katikati ya Desemba ukalipa kwa Direct Pay, adhabu ya kuchelewesha makadirio ingehesabiwa kwa kiwango cha riba ya IRS, kilichokuwa asilimia 7 kwa mwaka 2025. Miezi mitatu kwa 3,000 ni takribani dola 52. Yaani adhabu yote ingelingana na ada peke yake, kabla kadi haijaanza kukutafuna.

Na pengine hata adhabu hiyo isingekuwepo. Mwaka 2024 ulikuwa mwajiriwa, kwa hiyo kodi yako yote ya mwaka huo huenda ilikuwa ndogo. Ukilipa kwa robo nne kiasi kinachofikia kodi yote ya mwaka uliotangulia, IRS hawakutozi adhabu ya makadirio, hata kama mwisho wa mwaka unadaiwa zaidi. Kwa waliopata zaidi ya dola 150,000 kiwango ni asilimia 110. Chukua ritani yako ya 2024, tazama mstari wa 24 wa Fomu 1040. Inawezekana hukuhitaji kupeleka 3,000 ile Septemba.

Lipa hilo deni la kadi kwanza, kabla ya kuongeza tairi au redio mpya kwenye lori. Siku yoyote utakayoshindwa kulipa kodi ya mwisho wa mwaka, omba mpango wa malipo IRS kwa mtandao badala ya kukimbilia kadi. Ukiwa umefaili kwa wakati, adhabu ya kutolipa inashuka hadi robo ya asilimia kwa mwezi ukiwa ndani ya mpango, ukijumlisha na riba yao bado uko mbali sana na asilimia 24.

Wenzako wa kwenye grupu, kama kuna aliyefanyiwa ritani na bwana huyohuyo na ameshaipeleka, aangalie mstari wa 23 wake usiku wa leo. Akikuta makadirio yake yamewekwa pale, afaili Fomu 1040-X, ya kusahihisha ritani, na alipe tofauti kabla IRS hawajamwandikia. Anayejisahihisha kabla ya kuitwa kwa kawaida anaepuka ile asilimia 20, anabaki na riba tu.

Wewe mwambie anayekufailia akutolee zile 12,000 pamoja na ile ada ya 210 kwenye Schedule C, mstari wa 31 usome 68,000, au 67,876 kama ataamua kuitetea ile sehemu ya ada. Malipo yake myapange kwa dola kamili, si asilimia. Kisha kumbuka tarehe 15 Aprili una malipo mawili tofauti: lile deni dogo la ritani ya 2025, na robo ya kwanza ya 2026. Kwenye Direct Pay yafanye mara mbili. La kwanza chagua 1040 na mwaka 2025, la pili chagua 1040-ES, ya makadirio, na mwaka 2026. Ukikosea mwaka hapo pesa haipotei, lakini utakaa kwenye simu yao ukisikiliza muziki mpaka betri iishe.